Nani wa Kumtoza Faini Mchumaji Chai?

Mchumaji chai hutambulika kwa vidole. Utomvu wa majani mabichi huacha weusi kwenye kucha na kwenye mikunjo ya ngozi, weusi ambao sabuni ya kipande haiuondoi hadi mtu akae siku kadhaa bila kugusa majani. Siku ya uchaguzi karani hukishika kidole hicho, akakipaka wino usiofutika, na wino ukalala juu ya weusi uliokuwapo tangu jana. Ndiyo maana katika nchi hii ya chai, kuanzia Kericho mjini kupitia Litein hadi Mogogosiek upande wa Bomet, alama ya aliyepiga kura huhitaji kutazamwa mara mbili.

Na hutazamwa kweli. Jioni ya siku ya kura, iwe dukani au kwenye steji ya bodaboda, kidole husomwa kabla salamu hazijaisha. Asiye na wino hujikuta akijieleza: alikuwa mgonjwa, alichelewa foleni, kitambulisho kilipotea. Hakuna sheria iliyomtaka ajieleze. Anajieleza kwa sababu anaishi na watu.

Matokeo ya macho hayo yanaonekana kwenye hesabu. Tarehe 9 Agosti 2022 Kenya ilikuwa na wapigakura 22,120,458 kwenye daftari, na takriban asilimia 65 tu ndio waliojitokeza. Mombasa haikufikisha hata nusu. Kericho na Bomet zilikaribia asilimia 80, zikiwa miongoni mwa kaunti zilizoongoza nchi nzima kwa kujitokeza. Mgombea aliyepigiwa kura kwa wingi huku, William Ruto, ni Mkalenjin, na mtu wa nyumbani akiwa debeni hakuna anayehitaji kuamshwa. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kokwet, kile kikao cha majirani cha Wakipsigis, Wakalenjin wa vilima hivi, ambacho tangu zamani ndicho kilichoamua nani alishe wapi na ugomvi wa mpaka uishe vipi. Mzee wa kokwet hatoi amri ya kupiga kura. Hana haja ya kuitoa.

Kwa hiyo kila mara baada ya uchaguzi, wazo la kuifanya kura iwe lazima linaporudi kwenye redio na kwenye safu za magazeti, mimi hujiuliza faini hiyo ingemwangukia nani katika vilima hivi. Si yule wa kokwet. Yeye keshatozwa na majirani, na keshalipa.

Tuwatendee haki wanaolitaka wazo hili, maana hoja yao si ya kipuuzi. Mwaka 2022 Ruto alipata kura 7,176,141, Raila Odinga akapata 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Walioandikishwa wasipige kura walikuwa karibu milioni 8, zaidi ya mara 30 ya pengo hilo. Na hao ni wale waliokuwa kwenye daftari tu. Oktoba 2021 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilifungua mwezi mzima wa kuandikisha watu ikilenga wapigakura wapya milioni 6. Ilipata kama milioni 1 na nusu. Vijana wa miaka 18 hadi 34 walipungua daftarini wakilinganishwa na mwaka 2017, ingawa wao ndio wengi mitaani. Mtu akitazama hesabu hizi halafu akasema Rais wa Kenya huchaguliwa na waliopata nafasi ya kwenda, huwezi kumwambia amekosea.

Watetezi hawa hupenda kutaja Australia, nasi twende nao huko. Mwaka 1922 uchaguzi wa shirikisho wa Australia ulivuta chini ya asilimia 60 ya wapigakura. Mwaka 1924 Bunge likapitisha sheria ya lazima, na uchaguzi uliofuata, wa 1925, ukavuka asilimia 90. Kwa karibu miaka mia moja kiwango hicho hakikushuka sana. Faini ya asiyepiga kura bila sababu ni dola 20 za kwao, na mtu akiandika barua ya kueleza ugonjwa au safari mara nyingi husamehewa.

Mwaka huohuo wa 1924 una kumbukumbu nyingine huku kwetu. Ni katikati ya miaka hiyo ya 1920 ambapo kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai Kericho, kwenye ardhi ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imewanyang'anya Wakipsigis. Aliyekuja kuichuma chai hiyo naye alikuwa na jambo la lazima, ila halikuwa kura. Lilikuwa kipande. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alitakiwa kukibeba, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, kikiwa na alama za vidole vyake na kumbukumbu ya kila mwajiri. Aliyeondoka shambani bila idhini alisakwa kwa kipande hichohicho. Mwaka 1934 jamii nzima ya Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ilihamishwa kwa nguvu ya sheria hadi Gwassi, kwenye mbung'o na malaria. Mtu aliyerithi kumbukumbu hizo akisikia Serikali inamtaka aonyeshe kitambulisho la sivyo atozwe faini, haoni Australia. Anaona kikopo cha bati.

Hata Australia yenyewe, kwa kuwa imetajwa, lazima hiyo haikuwa ya wote. Wenyeji asilia wa nchi hiyo walipata haki kamili ya kura ya shirikisho mwaka 1962, na kujiandikisha kukawa lazima kwao mwaka 1984. Miaka 60 sheria ya lazima ilisimama huku ikiwaruka wenye nchi.

Huku kwetu kura yenyewe ilikuja kwa vipimo. Waafrika wa Kenya walipopiga kura ya Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, Machi 1957, haikuwa mtu mmoja kura moja. Elimu, mapato, mali na utumishi vilipimwa, na mtu mmoja aliweza kupewa hadi kura tatu. Daniel arap Moi alishinda Bonde la Ufa katika uchaguzi huo, na mwaka uliofuata, viti vya Waafrika vilipoongezwa, Taaitta Toweett, msomi Mkipsigis, naye akaingia barazani. Mchumaji wa kawaida asiye na cheti wala ng'ombe wa kutosha alibaki akitazama.

Baada ya uhuru kura ikawa ya wote, lakini ukafika wakati ambapo si kila mtu aliihesabu kuwa yake. Miaka ya 1980 kadi ya chama cha KANU iliulizwa na vijana wa chama hata sokoni. Mwaka 1988 uteuzi wa wagombea ulifanywa kwa mlolongo: unasimama nyuma ya picha ya mgombea, mkuu wa wilaya anahesabu vichwa, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 anapita moja kwa moja bila kusubiri kura ya siri. Foleni fupi zilitangazwa ndefu na ndefu zikatangazwa fupi, na kila mtu alikuwapo akiona. Waliozaliwa baada ya 1990 hucheka wakisimuliwa. Waliosimama kwenye foleni hizo hawacheki sana, kwa sababu wanakumbuka mwajiri wao alikuwa amesimama wapi, na chifu wao, na kwamba kukaa nyumbani siku hiyo ndiyo njia pekee ya heshima iliyobaki kwa mtu aliyempenda mgombea wa foleni fupi.

Haki ya kutokwenda ilikuwa kimbilio. Huku kwenye chai bado ni kimbilio kwa baadhi ya watu, na hapa ndipo mjadala wa Nairobi unapokosa macho.

Mashamba makubwa ya kampuni hayachumwi na Wakipsigis peke yao. Kwa miongo mingi kambi zake zimejaa Wakisii, Waluo, Waluhya na wengine waliotoka magharibi na Nyanza kutafuta kazi ya kulipwa kwa kilo. Wamezaa huko, wamesomesha huko, watoto wao wanaongea Kikipsigis bila lafudhi. Uchaguzi ukifika hugeuka wageni kwa muda wa wiki chache.

Mwaka 2007 wiki hizo hazikuisha salama. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba, eneo hili lilikuwa la ODM, chama cha Raila, na Wakisii wa kambini walihesabiwa kuwa watu wa mpinzani wake, Mwai Kibaki. Makundi yaliingia kwenye shamba la Unilever, warithi wa Brooke Bond, wakapiga, wakaua, wakabaka, wakachoma. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 31 Januari 2008, mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, alipigwa risasi na afisa wa polisi mjini Eldoret, na Kericho ikawaka upya. Walalamikaji 218, wafanyakazi na waliokuwa wakiishi shambani, walipeleka kesi hadi London dhidi ya kampuni mama. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliwaambia kampuni hiyo haiwezi kushtakiwa huko kwa yaliyotokea Kericho, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikakataa kuwasikiliza.

Tazama kilichogeuka na kisichogeuka. Mwaka 2007 kumpigia Raila katika vilima hivi ilikuwa kuwa upande wa wenyeji. Kufikia 2013 Ruto alikuwa ameungana na Uhuru Kenyatta, na kumpigia Raila kukawa kosa. Upande sahihi ulihama kutoka rangi ya chungwa ya ODM hadi nyekundu ya muungano wao, halafu mwaka 2022 ukawa manjano ya UDA, chama cha Ruto. Aliyebaki mahali pake ni mgeni wa kambini, anayetakiwa kila baada ya miaka mitano kubahatisha upande sahihi wa mwaka huo.

Mtu atasema kura ni siri, nani atajua? Jibu liko mlangoni mwa kituo. Sheria yetu inaweka kikomo cha wapigakura 700 kwa kila kituo. Baada ya kuhesabu, Fomu 34A hubandikwa mlangoni ikiwa na jumla ya kila mgombea, na mwaka 2022 IEBC iliweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwenye intaneti, kila mwenye simu akazisoma. Uwazi huo tuliupigania. Tume ya jaji Johann Kriegler ilieleza wazi jinsi matokeo ya 2007 yalivyovurugwa katika safari ya kutoka vituoni hadi Nairobi, na hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Juni 2017 ikafanya hesabu ya kituoni iwe ya mwisho. Sitaki tuurudishe gizani hata siku moja.

Ila fikiria kituo kilicho kwenye shule ya ndani ya shamba la kampuni. Tuseme kina wapigakura 400. Fomu inabandikwa, na yule mgombea asiye wa "hapa" ana kura 61. Kambini kila mtu anajua idadi ya nyumba za watu wasiotoka hapa. Siri ya mtu mmoja imelindwa vizuri kabisa, na siri ya kikundi chake imewekwa wazi kwa gundi mlangoni. Hata akiharibu kura makusudi, kura zilizokataliwa nazo zimeandikwa kwenye fomu hiyohiyo. Nimejaribu kutafuta njia ya kutoka kwenye fumbo hili, yaani uwazi unaomzuia mwizi wa kura bila kumfichua mchache kituoni, na sijaipata. Kuchanganya masanduku ya vituo kadhaa kabla ya kuhesabu kungemficha mchache huyo, lakini kungemrudishia mwizi ile safari ya gizani.

Watu wa kambini wamekwisha kujitafutia njia yao. Wanajiandikisha nyumbani.

Tuseme ni mama aliyetoka Nyamira, anayechuma kwenye shamba moja kando ya Kericho. Ana sababu nzuri za kuiandikisha kura yake kwao. Ardhi ya mume iko huko, mwakilishi wadi atakayetengeneza daraja la kwenda kwa mama mkwe yuko huko, na huko hakuna atakayehesabu nyumba yake kwenye fomu. Halafu Jumanne ya pili ya Agosti inafika, maana Katiba imetuwekea Jumanne. Ni sikukuu, ndiyo, lakini akiwa mfanyakazi wa muda siku isiyo na kilo haina senti. Akienda atalala huko Jumatatu na kurudi Jumatano. Nauli za matatu hupanda siku hizo, nani asiyejua. Siku tatu za mapato zimekwenda, na kama watoto wamebaki kambini, wasiwasi wake umebaki nao, kwa kuwa anakumbuka usiku wa 2007.

Asipokwenda amekuwa miongoni mwa wale karibu milioni 8. Kwenye jedwali la IEBC hakuna tofauti kati yake na kijana wa Nairobi aliyelala hadi saa sita kwa sababu siasa zinamchosha. Sheria ya lazima ingemwandikia faini sawa na huyo, na kutokana na kinachotokea mitaani kila msako unapofanywa, najua ni nani kati yao angekuwa wa kwanza kufikiwa na chifu.

Na si wote walio mbali na vituo vyao waliohama kwa hiari. Kampuni za hapa zimekuwa zikileta mashine za kuchuma, na mashine moja inachukua kazi ya mikono mingi. Mei 2023 vijana wenye hasira walichoma mashine kadhaa Kericho, polisi wakaja, angalau mtu mmoja akapoteza maisha. Kampuni zenyewe zimebadilisha wamiliki na majina kiasi cha kuchanganya: chai ya Unilever iliuzwa mwaka 2022, na mashamba ya Finlay yakachukuliwa na Browns ya Sri Lanka. Mchumaji aliyejiandikisha kwenye shule ya kambi mwaka 2017, akapokonywa kazi na mashine, akarudi kwao, bado jina lake liko kambini. Kituo chake kiko ndani ya shamba ambalo mlinzi wa getini sasa atamuuliza anatafuta nani.

Daftari hilo lina majina ya ajabu zaidi. Kampuni ya KPMG ilipolikagua mwaka 2022 ilikuta majina ya marehemu karibu robo milioni. Siku ile ya faini natamani kuona hati ya wito ikipelekwa Kipkelion, kaburini.

Kuna pia wale waliokwenda na mashine ikawakataa. Kifaa cha KIEMS hutambua mpigakura kwa alama za vidole, na alama za vidole ni mali inayolika. Mchumaji, mkataji miwa, mwashi, mama anayefua nguo za watu: ngozi yao imesuguliwa na kazi. Sheria inaruhusu atafutwe kwa namba ya kitambulisho, na karani mwenye subira atamsaidia, lakini foleni ndefu haizai makarani wenye subira. Aliyerudi nyumbani bila wino kwa sababu kidole chake kimechakaa kwa kazi atathibitisha vipi kwamba alikwenda?

Kutoka Kericho ukiteremka kuelekea Nyanza unafika Sondu, soko ambalo linagusa Kericho, Kisumu na Homa Bay. Watu wa hapo huuziana ng'ombe, samaki na maneno makali, na amani yao hukatika mara kwa mara. Hapo ndipo ningempeleka kila mtetezi wa lazima asimame atazame yaliyotokea tarehe 26 Oktoba 2017. Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta uchaguzi wa Agosti, Raila akajiondoa kwenye marudio, na upande wa Kericho vituo vikafunguliwa kama kawaida. Upande wa Kisumu kura haikupigwa. IEBC iliahirisha kwa siku mbili, kisha ikaacha kabisa, na ikawa hivyo pia Siaya, Homa Bay na Migori. Uhuru alitangazwa mshindi kwa asilimia 98 ya kura zilizopigwa, na waliojitokeza nchini kote walikuwa chini ya asilimia 40.

Unaweza kuuchukia ule mgomo. Wapo waliozuiwa kupiga kura na vijana wenye mawe, na hao pia walinyang'anywa haki yao. Lakini ile asilimia chini ya 40 ilikuwa ujumbe uliosomeka dunia nzima. Kwa sheria ya lazima kaunti nne nzima zingekuwa na wahalifu wa Sh500 kila mmoja, au kiasi chochote ambacho Bunge lingeamua, na ujumbe wao ungeandikwa kuwa deni. Ibara ya 38 ya Katiba inasema kila raia yuko huru kufanya maamuzi ya kisiasa. Kususa ni uamuzi wa kisiasa. Majirani zetu wa Rwanda walitangaza mwaka 2024 kwamba asilimia 98 ya wapigakura walijitokeza na Paul Kagame akapata zaidi ya asilimia 99. Foleni ndefu haikwambii peke yake kwamba watu wamesema walichotaka kusema.

Nchi zenye lazima nazo haziko mahali pamoja. Uholanzi iliiacha mwaka 1970. Ubelgiji, iliyoanza mwaka 1893, iliondoa lazima kwenye chaguzi za mitaa za eneo la Flanders mwaka 2024, na waliojitokeza wakashuka hadi zaidi kidogo ya asilimia 60. Chile ilikwenda kinyume. Iliifanya kura ya hiari mwaka 2012, ikairudisha lazima kwenye kura ya maoni ya katiba mpya Septemba 2022, na watu zaidi ya asilimia 85 wakatoka. Rasimu ya katiba, ambayo wanaharakati waliamini nchi inaingoja kwa hamu, ikakataliwa na asilimia 62. Walioletwa kwa sheria walikuwa na maoni yao, na hayakuwa yale waliyosingiziwa. Hili la Chile ndilo linalonitikisa. Huenda hao karibu milioni 8 wa kwetu wana neno ambalo hatujawahi kulisikia.

Basi nikiamini hivyo, nianzie wapi? Naona tunasahau jambo moja kuhusu Australia. Faini ile ya dola 20 ilikuja na mkokoteni mrefu nyuma yake. Mtu wa huko akiwa na sababu anaweza kupiga kura kabla ya siku yenyewe, au kwa posta, au kwenye kituo chochote cha jimbo lake. Masanduku hupelekwa hospitalini na kwenye vijiji vya mbali. Siku yenyewe ni Jumamosi. Serikali ikimlazimisha raia, nayo imejilazimisha kumfuata. Sisi tumependa nusu ya kwanza ya mkataba. Mkenya hupiga kura kwenye kituo kimoja tu, kile alichoandikishwa, na akiwa umbali wa kilomita 100 siku hiyo ni kama hayupo nchini. Tena aliyeko nje ya nchi amekumbukwa: mwaka 2022 kulikuwa na vituo katika mataifa 12. Na wafungwa hupiga kura ya urais wakiwa gerezani, karatasi moja tu badala ya sita. Kwa hiyo mashine za Tume zinajua kumpa mtu karatasi ya urais peke yake. Yule mama wa Nyamira angeweza kupewa hiyo moja mahali popote penye watu wengi wa kumficha, tuseme Kericho mjini, ambapo kura yake ingepotea katikati ya maelfu kama tone la maziwa ya mursik kwenye kibuyu.

Nikumbushe jambo moja kabla hatujaondoka kwenye majani chai. Wakulima wadogo wa hapa wana uchaguzi mwingine, wa wakurugenzi wa viwanda vya chai vilivyo chini ya Shirika la Maendeleo ya Chai Kenya (KTDA): Momul, Tegat, Kapkatet, Kapkoros, Tirgaga na vinginevyo. Wakurugenzi hao wanagusa bonasi, na bonasi ndiyo karo, mabati na harusi. Kila mwaka wakulima wa upande huu wa Bonde la Ufa hulipwa chini ya wenzao wa Mlima Kenya, na kila mwaka hupiga kelele. Mageuzi ya mwaka 2020 na 2021 yalipokuja, ubishi mkali ulikuwa huu: kila mkulima awe na kura moja, au kura zipimwe kwa hisa? Mwenye vichaka mia tatu vya chai aliambiwa miaka mingi kwamba kura yake ni ndogo, na alijua ni ndogo. Sijawahi kusikia mtu akipendekeza atozwe faini asipokwenda kituo cha kununulia chai kumchagua mkurugenzi. Watu walidai kura yake iwe na uzito, basi.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, Jumanne tena. Kabla ya hapo makarani wa Tume watazunguka na vifaa vyao, watakaa chini ya miti na kwenye veranda za shule za kambini, na watu watatoka chai ikiwa bado na umande ili wasipoteze kilo za asubuhi. Karani ataomba kitambulisho, atabonyeza kidole cheusi kwenye kioo mara moja, mara mbili, mara ya tatu kitakubali. Kisha atauliza swali la kawaida: uandikishwe kituo gani? Mara nyingi atakayejibu atageuka kwanza kuona nani yuko nyuma yake kwenye foleni, halafu atataja jina la shule iliyo kilomita mia moja kutoka pale aliposimama.